Je, Wajua? Vita Vinaweza Kusimama kwa Ajili ya Sindano

Wenye bunduki hupenda kutuambia kwamba vita havina macho, na kwamba mtoto akifa kwa njaa katikati ya mapigano hakuna wa kulaumiwa. Safu ya toleo hili inapingana nao. Tumeokota mambo ya Biafra, Sudan, Somalia, Rwanda, El Salvador na kwingineko, na mengi yanasema jambo lilelile: chakula kilikuwepo, dawa ilikuwepo, kilichosubiriwa ni mtu fulani kutoa kibali.

Je, wajua kwamba El Salvador iliwahi kusimamisha vita ili watoto wachanjwe? Mwaka 1985 jeshi la serikali na waasi wa FMLN walikuwa wameuana kwa miaka kadhaa. James Grant, aliyekuwa mkuu wa UNICEF, akamwendea Rais José Napoleón Duarte. Kanisa Katoliki likabeba ujumbe hadi kwa waasi. Wakakubaliana Jumapili 3 kati ya Februari na Aprili. Siku zilikuwa 3 kwa sababu ya kitabibu: chanjo kama ya polio haitoshi kwa dozi moja, lazima irudiwe baada ya wiki kadhaa. Bunduki zikanyamaza, wahudumu wa afya wakasambaa hadi maeneo ya waasi, na watoto wapatao 250,000 wakachanjwa. Jumatatu watu walirudi kuuana. Mwaka uliofuata wakasimama tena, na tena, hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini Januari 1992.

Jambo la kujiuliza hapo ni dogo tu: kama iliwezekana Jumapili, kwa nini ilishindikana Jumatatu?

Je, wajua kwamba Uganda nayo ina kisa chake? Mwishoni mwa 1985 nchi ilikuwa imekatika vipande viwili, Tito Okello akitawala Kampala na NRA ya Yoweri Museveni ikishikilia magharibi. Hata hapo pande zote mbili ziliruhusu chanjo zipite.

Je, wajua kwamba kuna vita vilivyositishwa kwa sababu ya mnyoo? Mnyoo wa Guinea huingia mwilini kwa maji ya kunywa yasiyochujwa, na baada ya mwaka hivi hutoboa ngozi na kutoka taratibu, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali. Sudan Kusini ya leo ndiko ulikojaa kuliko kwingineko. Machi 1995 Jimmy Carter, Rais mstaafu wa Marekani, aliishawishi serikali ya Khartoum na SPLA ya John Garang wasitishe mapigano kwa miezi 2. Muda huo ukaongezwa, ukakaribia miezi 6. Wahudumu waligawa vitambaa vya kuchujia maji, na kwa kuwa njia ilikuwa wazi wakawachanja pia watoto dhidi ya surua na polio.

Je, wajua kwamba Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana karibu na mpaka wa Sudan, ulikuwa kwa miaka mingi na kimojawapo cha viwanja vyenye pilikapilika kubwa zaidi za ndege nchini Kenya? Sababu ni njaa ya 1988 kusini mwa Sudan, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000. Aprili 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, mpango ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake: serikali na waasi wote walitia mkono kwamba raia wa pande zote mbili wapelekewe chakula vita vikiendelea. Ndege za Hercules ziliondoka Loki alfajiri na kumwaga magunia juu ya nchi isiyo na barabara.

Kumwaga chakula kutoka angani kuna ufundi wake. Nafaka hutiwa kwenye gunia, gunia hilo likatiwa ndani ya jingine, na mara nyingine ndani ya la tatu, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Chini hutengwa uwanja wenye alama kubwa nyeupe ya X. Watu huzuiwa kukaribia, maana gunia la kilo 50 likianguka toka kimo hicho humuua mtu papo hapo. Rubani hupita chini kadiri awezavyo, huinua pua ya ndege, na magunia huteleza yenyewe kutoka mkiani. Kisha wanakijiji huingia kukusanya, na waliobaki nyuma huokota punje moja moja ardhini. Ni njia ghali mara kadhaa kuliko lori, na hutumiwa tu pale lori lisipoweza kufika au lisiporuhusiwa.

Hilo neno la mwisho ndilo lenyewe. Mpango wote ulitegemea ruhusa ya Khartoum ya mwezi hadi mwezi, kiwanja kwa kiwanja. Februari 1998, baada ya mapigano ya mji wa Wau, serikali ilipiga marufuku ndege kwenda Bahr el Ghazal kwa wiki kadhaa. Miezi michache baadaye njaa kubwa iliwamaliza watu kulekule. Maghala ya Loki hayakuwa matupu.

Je, wajua kwamba katika Vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970, uwanja mkuu wa ndege ulikuwa kipande cha barabara? Kiliitwa Uli. Barabara ilipanuliwa, ndege zikawa zinatua usiku tu, taa zikiwashwa kwa dakika chache wakati wa kutua na kuzimwa mara moja kwa kuwaogopa washambuliaji wa angani. Mashirika ya makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti pamoja, yaliruka kutoka kisiwa cha São Tomé zaidi ya mara 5,000. Mizigo yao ilikuwa na maziwa ya unga, chumvi, dawa na samaki wakavu kutoka Norway. Samaki hao hawakuchaguliwa kwa bahati: Waigbo wa Biafra walikuwa wakiwala tangu kabla ya vita, wanakaa bila kuoza, na wamejaa protini ambayo watoto wenye unyafuzi waliikosa.

Tanzania inaingia katika hadithi hii kwa mlango mwingine. Tarehe 13 Aprili 1968, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra.

Je, wajua kwamba chakula cha watoto wa Biafra kilikwama mikononi mwa pande zote mbili? Nigeria ilizingira eneo lile kwa bahari na nchi kavu, na baadhi ya wakubwa wake walisema waziwazi kwamba njaa ni silaha halali. Lakini Jenerali Gowon, mtawala wa Nigeria, alipokubali ndege za mchana baada ya kukaguliwa, Kanali Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alikataa. Alihofia adui angetumia mwanya huo, na ndege za usiku za chakula zilikuwa kivuli kizuri kwa zile za silaha zilizotua palepale Uli. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na jeshi la anga la Nigeria, watu wote 4 waliokuwemo wakafa, na safari za Msalaba Mwekundu kwenda Biafra zikasimamishwa. Ukisoma historia ya vita hivi ukitafuta upande wa kuupenda, utachoka.

Kutoka kwenye vita hivyohivyo tulirithi mambo mawili. La kwanza ni shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lililoanzishwa Paris Desemba 1971. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo madaktari wa Kifaransa waliorudi kutoka Biafra na hasira zao. La pili ni fimbo.

Je, wajua kuhusu fimbo hiyo? Wafanyakazi wa kujitolea wa Kanisa la Wakweka walikuwa na tatizo: mbele yao watoto mamia, hakuna mizani ya kutosha, hakuna mtu anayejua tarehe za kuzaliwa. Wakatengeneza fimbo ya kupimia urefu, ila badala ya sentimita waliandika vipimo vya unene wa mkono. Mtoto anapimwa mkono wa juu kwa utepe, kisha anasimamishwa kando ya fimbo. Kama utosi wake unapita namba ya mkono wake, basi mkono ni mwembamba kuliko urefu wake unavyotaka, na apewe chakula leo. Hakuna hesabu, hakuna karatasi. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 1969.

Utepe huo wanao leo wahudumu wa afya ya jamii kuanzia Kigoma hadi Darfur. Hufungwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani, salama. Njano, aangaliwe. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Ukitaka kujua 11.5 ni kiasi gani, chukua uzi wa urefu huo uuzungushe: unakaribia mzunguko wa kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni. Mkono mzima wa mtoto, mfupa na nyama, unaenea humo.

Je, wajua kwamba siagi ya karanga ilibadilisha tiba ya njaa? Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa kituoni kwa wiki kadhaa na kunyweshwa maziwa maalumu. Maziwa yale yalitaka maji safi, jiko, na mama wa kukaa naye muda wote, huku watoto wengine wamebaki peke yao penye risasi. Mwaka 1996 daktari André Briend na mtengenezaji wa vyakula Michel Lescanne, wote Wafaransa, waliibuka na Plumpy'Nut: karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti ina gramu 92 na kalori 500. Haitaki maji, haitaki moto, haiozi haraka. Mama hurudi nyumbani na pakiti za wiki nzima. Kabla ya hapo mtoto hupewa kidogo ajaribu mbele ya muuguzi: akila kwa hamu, anaruhusiwa, akiikataa, ni dalili ya ugonjwa mwingine, analazwa.

Je, wajua kwamba mchanganyiko wa sukari na chumvi unaopewa mtoto anayeharisha ulithibitishwa uwezo wake kambini, wakati wa vita? Mwaka 1971 Pakistan ilipokuwa ikipasuka na Bangladesh kuzaliwa, mamilioni walikimbilia India, na kipindupindu kikawafuata. Katika kambi ya Bangaon dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya maji, glukosi, chumvi na magadi katika mapipa yenye bomba, akawaachia ndugu wa wagonjwa wachote wenyewe na kuwanywesha wagonjwa wao. Vifo vya wagonjwa kambini vilikuwa kama asilimia 30. Miongoni mwa waliotibiwa hivyo vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Wakubwa wengi wa kitabibu hawakuamini kwamba akina mama wasiosoma wangeweza kazi hiyo. Waliiweza.

Je, wajua kwamba ubwabwa ni mgumu kuuiba kuliko mchele? Hili ni somo la Somalia, 1992. Magunia yaliporwa bandarini, barabarani na maghalani, kwa kuwa gunia la mchele ni fedha. Msalaba Mwekundu, pamoja na Hilali Nyekundu ya Somalia, wakageuza mkakati: pika kwanza. Jikoni zaidi ya 900 zilifunguliwa, zikilisha zaidi ya watu milioni moja kwa siku. Chakula kilichoiva hakiwekwi akiba wala hakiuziki mbali. Mwenye bunduki hana la kukifanyia ila kukila. Miaka 70 kabla yake, katika njaa iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, Wamarekani walioongozwa na Herbert Hoover waliwawekea watoto sharti kama hilo: mtoto ale palepale jikoni, asitoke na kikombe, maana nje kulikuwa na watu wazima wenye njaa kama yake.

Je, wajua kwamba jikoni zinazowalisha Wasudani wengi leo ziliasisiwa na Wasudani wenyewe? Tangu Aprili 15, 2023, jeshi na wanamgambo wa RSF walipoanza kupigana, vijana wa mitaani, wengi wao wakitokea kamati za mapinduzi ya 2019, waliunda vikundi vya dharura vya mtaa. Wanapika dengu na maharagwe katika masufuria makubwa, jikoni hizo zikiitwa takaya, jina la zamani la nyumba za masufi zilizokuwa zikiwalisha wapita njia. Fedha hutumwa na jamaa walio Ghuba na Ulaya kwa njia ya simu. Mashirika makubwa yalikuja kuwaunga mkono baadaye, na si kwa haraka.

Wakati huohuo malori yalikuwa mpakani. Kivuko cha Adré, kati ya Chad na Darfur, kilifungwa na serikali ya Sudan Februari 2024 na kufunguliwa Agosti. Tarehe 1 Agosti 2024 wataalamu walikuwa wameshathibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam, Darfur Kaskazini.

Je, wajua kwamba hadi 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haikuwa na kifungu cha kumshtaki mtu kwa kuwashindisha raia njaa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe? Mkataba wa Roma wa 1998 ulilitaja kosa hilo kwa vita vya nchi na nchi tu, ingawa Itifaki ya Geneva ya 1977 ilikwisha kulikataza hata ndani ya nchi moja. Desemba 2019 kifungu kikaongezwa. Mpaka sasa kinazibana nchi zilizokiridhia, basi.

Je, wajua kwamba Syria ilifunguliwa vivuko 4 vya misaada kwa azimio la Baraza la Usalama la Julai 2014, na kufikia Julai 2020 kilibaki 1? Vingine vilifungwa kwa mikono iliyoinuliwa New York.

Je, wajua kwamba watoto karibu 4,000 wa Kibaski walisafirishwa kwa meli moja, Habana, kutoka Hispania hadi Southampton Mei 1937, wiki chache baada ya mji wa Guernica kulipuliwa? Serikali ya Uingereza ilikubali waingie kwa sharti kwamba haitatoa hata senti. Wananchi walichanga shilingi 10 kwa mtoto kwa wiki.

Je, wajua kwamba Eglantyne Jebb, mwasisi wa Save the Children, alitozwa faini ya pauni 5 London mwaka 1919 kwa kugawa vipeperushi vyenye picha za watoto wenye njaa wa nchi zilizoshindwa vitani? Mwendesha mashtaka aliyemshinda mahakamani akampa pauni 5 za kwake. Tamko la haki za mtoto aliloandika Jebb lilipitishwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1924.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa kama siku moja? Wilaya ile haikuwa na hospitali, maji wala chakula vya kuutosha umati kama huo. Kambi ya Benaco, iliyokuwa uwanda mtupu wiki moja kabla, ikawa mojawapo ya makazi makubwa nchini Tanzania.

Katika mbio kama hizo watoto hupotea. Zaidi ya watoto 100,000 wa Rwanda waliandikishwa kuwa hawana mzazi karibu. Kuandikisha mtoto wa miaka 3 ni kazi ya subira. Ukimuuliza jina la baba, atakwambia ni "baba". Hivyo karani huandika alama ya kovu, nguo aliyokutwa nayo, mahali alipookotwa, nyimbo anazozijua, na humpiga picha. Picha zilibandikwa kwenye mbao kambini, akina mama wakipita mstari kwa mstari. BBC nayo ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi, Gahuza Miryango, kilichosoma majina ya wanaotafutana. Kipindi kilichozaliwa kwa dharura kikageuka idhaa ya kudumu.

Je, wajua kwamba kituo cha yatima kinaweza kuzalisha yatima? Ilionekana Goma mwaka huohuo. Vituo vya watoto vilikuwa na chakula na dawa bora kuliko vibanda vya jirani, kwa hiyo wazazi wenye njaa waliwaacha watoto milangoni kwa makusudi, ili waishi. Tangu hapo mashirika mengi yanapendelea kumpa mama mgao nyumbani, au kumweka mtoto kwa familia ya kumlea.

Lakini kulelewa kuna upande wa pili. Wasudani wadogo waliotembea hadi Ethiopia kuanzia 1987, wakafukuzwa 1991 na kufika kambi ya Kakuma, Kenya, 1992, walijulikana duniani kama wavulana waliopotea. Wasichana walikuwepo. Kwa desturi waligawiwa kwa familia, hivyo kwenye daftari hawakuonekana kuwa watoto wasio na mlezi. Marekani ilipoanza kuwachukua mwaka 2000, wavulana zaidi ya 3,500 walipata nafasi, na wasichana hawakufika 100. Wengi wao walikuwa wakichota maji na kupika katika nyumba za watu, wakisubiri kuozwa.

Je, wajua kwamba kuna shule inayobebwa ndani ya sanduku? Sanduku la alumini la UNICEF lina madaftari, penseli na vifaa vya mwalimu kwa wanafunzi 40, na ndani ya kifuniko limepakwa rangi maalumu: ukikisimamisha, hicho ndicho ubao. Huko Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, watoto wamekuwa wakifundishwa mtaala wa Kongo ndani ya ardhi ya Tanzania, ili siku ya kurudi wasianze upya. Wapo waliozaliwa kambini humo wakasoma hadi wakawa walimu wa shule zilezile.

Na je, wajua kwamba kumtafuta ndugu aliyepotea vitani hakulipiwi? Msalaba Mwekundu umekuwa na ofisi ya kazi hiyo tangu vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, na vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo vyote vinaifanya. Ukienda, beba jina kamili la unayemtafuta, majina ya wazazi wake, mahali alipozaliwa, na mahali na mwaka alipoonekana mara ya mwisho. Picha ikiwepo, ibebe hata kama ni ya zamani.